Cherehani za Angani: Rekodi za Eropleni za Ghorofa, Zikisomwa Kutoka Fordsburg

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1922 eropleni ilipita juu ya mapaa ya Fordsburg ikamwaga vikaratasi. Viliwaambia wanawake, watoto na kila asiye upande wa waasi watoke mtaani kati ya saa 12 na saa 5. Watu wakafunga walichoweza kubeba, wakatoka. Saa 5 ilipopita, mizinga ya serikali ikaanza kulenga uwanja wa soko, mahali walipochimba mitaro wachimba madini wa kizungu waliokuwa wamegoma tangu Januari. Siku hiyo hiyo yote yakawa yamekwisha, na viongozi wawili wa waasi, Percy Fisher na Harry Spendiff, wakakutwa wamekufa ndani ya jengo la soko.

Uwanja huo upo mpaka leo. Ndio ule ambao mwishoni mwa wiki hujaa vibanda vya chakula na nguo, na ukitega sikio utasikia Kigujarati, Kiurdu, Kisomali na Kiswahili cha Kongo na cha Bara vikipishana. Nimeanza hapo kwa sababu nataka kuhesabu rekodi za ndege za kale za Kisovieti, zile zenye bawa juu ya bawa, ambazo zimefufuliwa na kupita mikono mingi mpaka nchi za mbali. Ukifuata ukoo wa ndege hizo kurudi nyuma, unafika kwa ile iliyopita juu ya Fordsburg.

Kwanza jina. Ndege ya kawaida ina bawa moja kulia na moja kushoto. Hizi zina mabawa ya chini na ya juu, yameungwa kwa nguzo na nyaya kama nyumba ya ghorofa. Wazee wetu waliziita eropleni, na nitatumia neno lao.

Nakala iliyozaa ukoo

Eropleni za serikali mwaka 1922 zilikuwa hasa DH.9, ndege ya kurusha mabomu ambayo Uingereza iliiunda kwa ajili ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipokwisha, Uingereza ilibaki na maelfu ya ndege zisizo na kazi, ikazigawa kwa makoloni na madominioni yake. Afrika Kusini ilipata zaidi ya 100, na kwa zawadi hiyo ikaanzisha jeshi la anga mwaka 1920, chini ya Pierre van Ryneveld. Miaka miwili tu baadaye mmiliki huyu mpya alizitumia kupiga mabomu miji yake mwenyewe. Benoni ilipigwa tarehe 10 Machi. Waliokuwa chini nao walijibu kwa bunduki, na Kapteni Carey Thomas akauawa akiwa angani.

Uasi ule uliua zaidi ya watu 150 kwa jumla. Wamo Waafrika waliouawa na wagomaji wenyewe mitaani, maana mgomo ulikuwa wa kulinda kazi za mzungu zisipewe mtu mweusi kwa ujira mdogo. Ndiyo maana siwezi kuusimulia kama hadithi ya mashujaa, wa upande wowote.

Miaka hiyo hiyo, Moscow nayo ilikuwa inatafuta ndege. Urusi ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, viwanda vimechoka, wahandisi wengi wamekimbia. Wakaichukua DH.9A, mdogo wake DH.9, wakainakili, wakaiita R-1. Aliyeongoza kazi ya kuirekebisha ilingane na vifaa vya Kirusi alikuwa mhandisi kijana, Nikolai Polikarpov. R-1 zaidi ya 2,400 zilitoka viwandani, na hiyo ndiyo ndege ya kwanza ya Kisovieti kuundwa kwa wingi. Polikarpov alijifunzia kazi kwenye kiunzi cha Kiingereza, ndugu wa kile kilichotupa vikaratasi Fordsburg.

Iliyoundwa kwa wingi kuliko zote

Mwaka 1928 Polikarpov alirusha ndege yake ya mafunzo, U-2. Injini yake ilikuwa ya silinda tano, nguvu za farasi 100, na mwendo wake wa juu kabisa kama kilomita 150 kwa saa. Mbao, nyaya, kitambaa. Zaidi ya 20,000 ziliundwa, na hakuna eropleni ya ghorofa nyingine duniani iliyofikia idadi hiyo. Polikarpov alipofariki mwaka 1944 ndege ikapewa jina lake: Po-2.

Aliyeiunda hakuwa mtu wa kubembelezwa na dola. Mwaka 1929 alikamatwa na kuhukumiwa kifo. Badala ya kuuawa alifungiwa pamoja na wahandisi wenzake, akaamriwa achore ndege za kivita; ndivyo I-5 ilivyozaliwa, mikononi mwa mfungwa. Baadaye akaachiliwa.

Rekodi ya Po-2 ninayoiheshimu kuliko zote ni ya wanawake. Mwaka 1941 rubani Marina Raskova alipata kibali cha kuunda vikosi vya anga vya wanawake. Kimoja kati ya hivyo, kilichokuja kuitwa Kikosi cha 46 cha Walinzi, kilikuwa cha wanawake watupu: marubani, waongoza njia, mafundi, wapakia mabomu. Walipewa Po-2. Walikuwa wakiruka usiku, wakizima injini karibu na shabaha na kushuka kimya, hivyo askari wa Kijerumani walisikia tu upepo ukivuma kwenye nyaya. Wakawaita Wachawi wa Usiku. Kikosi hicho kiliruka safari zaidi ya 20,000 za vita, na 23 kati ya wanawake wake walipewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Nadezhda Popova peke yake aliruka mara 852, na usiku mmoja alitoka mara 18. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 91.

Wajerumani waliipa Po-2 jina la utani jingine, kwa mlio wa injini yake: cherehani. Fordsburg inalijua neno hilo kwa undani. Hapa ndipo ilipo Oriental Plaza, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka Pageview, na mpaka leo watu hutoka mbali kufuata vitambaa na mafundi cherehani wake. Fundi wa kufufua Po-2 leo hufanya kazi ambayo fundi nguo angeielewa mara moja. Hupima kitambaa juu ya kiunzi cha mbao, hukishona kwenye mbavu za bawa fundo kwa fundo, kisha hukipaka dawa ya kukikaza mpaka kilie kama ngoma ukikigonga.

Po-2 zinazoruka sasa ni chache. Shuttleworth Collection ya Old Warden, Uingereza, inayo moja inayopaa mbele ya watazamaji. Nyingine ilinunuliwa na Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, ikakaa kwenye makumbusho yake jimbo la Washington. Ndege iliyoundwa kwa ajili ya mtoto wa mkulima ajifunze kuruka imeishia mikononi mwa matajiri wakubwa, na bila fedha zao nyingi zingekuwa kuni.

Kubwa kuliko zote za injini moja

Tarehe 29 Agosti 1947 Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini kama alivyokuwa wakati wa uasi wa 1922, alifungua makumbusho ya vita katika kitongoji cha Saxonwold, Johannesburg. Siku mbili baadaye, tarehe 31 Agosti, huko Novosibirsk, Siberia, iliruka kwa mara ya kwanza ndege ambayo dunia ingedhani imechelewa miaka ishirini. Enzi ya jeti imeshaingia, na Oleg Antonov anatoa eropleni ya ghorofa!

Hiyo ni An-2. Bawa lake la juu lina urefu wa mita 18 na zaidi. Hubeba abiria 12, na uzito wake wa juu wakati wa kupaa ni kilo 5,500. Injini yake ya silinda tisa hutoa nguvu za farasi 1,000, na nayo ina nasaba ya ng'ambo, kwa kuwa imetokana na Wright Cyclone ya Marekani ambayo Wasovieti walinunua leseni yake miaka ya 1930. Hakuna eropleni ya ghorofa ya injini moja iliyopata kuwa kubwa kuliko hii na kuundwa kwa wingi.

Antonov hakuchelewa. Alijua nchi yake ilivyo: vijiji visivyo na barabara, matope, theluji, viwanja vya kutua ambavyo kwa kweli ni malisho ya ng'ombe. Ndege ya mabawa manne makubwa huinuka baada ya kukimbia umbali mfupi na hutua popote. Warusi waliipa jina Kukuruznik, kutokana na neno lao la mahindi, jina ambalo Po-2 ililibeba kabla yake. Ndege ya shamba la mahindi: nadhani msomaji wa Songea au wa Kitale hahitaji maelezo zaidi.

Zaidi ya 18,000 ziliundwa. Nyingi hazikuundwa na Wasovieti wenyewe, maana kuanzia mwaka 1960 kazi ilihamia Mielec, Poland, ambako zilitoka karibu 12,000, na China ikawa inaunda zake tangu 1957. Kitabu cha Guinness kiliwahi kuitaja kuwa ndege iliyoundwa kwa muda mrefu kuliko zote, miaka 45, mpaka Hercules ya Wamarekani ilipoipita. Afrika ziliingia kwa mlango wa urafiki wa miaka ya uhuru: Misri, Mali na Somalia zilikuwa nazo. Hapa Gauteng ipo moja iitwayo Little Annie ambayo watu wa maonesho ya ndege wameizoea. Jina hilo linafuata lile ambalo Warusi nao huiita An-2 kwa mapenzi, Annushka.

Ya polepole kuliko zote, na kwa nini hilo ni sifa

Marubani wengi wanaogopa mwendo mdogo. Ndege ikipungua mwendo kupita kiasi, hewa huacha kuibeba, nayo huanguka. Bawa la juu la An-2 lina vibao mbele vinavyofunguka vyenyewe mwendo ukipungua, hivyo bawa linaendelea kushika hewa. Kitabu chake cha maelekezo hakitaji kabisa mwendo wa kuanguka. Kinamwambia rubani kwamba injini ikizimika usiku au mawinguni, avute usukani mpaka mwisho, aweke mabawa sawa, asubiri: ndege itashuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwavuli wa angani mpaka iguse ardhi. Katika upepo mkali wa mbele, An-2 inaweza kuonekana na mtu wa chini ikirudi nyuma.

Wepesi huo wa kwenda polepole ndio ulioipa Po-2 rekodi yake ya ajabu. Mwaka 1953 nchini Korea, jeti ya Marekani aina ya F-94 ilipunguza mwendo usiku ili iweze kuipiga Po-2 moja. Ilipunguza mno, ikaanguka. Ndiyo mara pekee jeti inahesabiwa kuangushwa na eropleni ya ghorofa.

An-2 nayo ilikutwa na yake. Tarehe 12 Januari 1968, An-2 za Vietnam ya Kaskazini zilishambulia kituo cha rada cha Wamarekani juu ya mlima Phou Pha Thi, Laos. Helikopta ya Air America, shirika la ndege la Wamarekani, ikazifukuza, na mtu aliyekuwa ndani yake akaishambulia moja kwa bunduki ya AK-47 mpaka ikaanguka. Helikopta kuiangusha ndege yenye mabawa kwa bunduki ya mkononi: kisa hicho hakina pacha.

Iliyopanda juu zaidi

Vladimir Kokkinaki, Novemba 1935, katika I-15 ya Polikarpov iliyopunguzwa uzito: mita 14,575. Kilimanjaro mara mbili na nusu hivi. Mwaka 1938 Mwitaliano Mario Pezzi alipanda hadi mita 17,083 katika Caproni, nayo pia ya ghorofa, na rekodi hiyo ya eropleni za ghorofa haijavunjwa.

Iliyosafiri mbali zaidi baada ya kufa

Hapa nitakaa kidogo. I-153 ilikuwa ndege ya mwisho ya kivita ya Polikarpov yenye mabawa ya ghorofa kuundwa kwa wingi. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1938, na magurudumu yake yalikunjwa ndani kama ya ndege za kisasa. Ziliundwa zaidi ya 3,000. Zikapigana dhidi ya Wajapani, Wafini na Wajerumani, na baada ya muda hapakuwa na hata moja inayoruka.

Miaka ya 1990, Umoja wa Kisovieti ukiwa umevunjika na wahandisi wake hawana mishahara, alifika mtu kutoka New Zealand, Tim Wallis. Alikuwa ametajirika kwa biashara ya kuwinda paa kwa helikopta, na alikuwa mwanzilishi wa maonesho ya ndege za kivita ya Wanaka. Alitoa oda ya ndege tisa: I-16 sita na I-153 tatu, zifufuliwe kutokana na mabaki yaliyookotwa Urusi. Kazi ilifanyika Novosibirsk, mji ule ule ilikozaliwa An-2. Na kwa kuwa injini za asili hazipatikani, mafundi waliweka injini za An-2, ambazo ni za ukoo ule ule. Kwa hiyo ndege ya babu inaruka kwa moyo wa mjukuu. Kabla ya karne kuisha zilikuwa zimeruka kusini kabisa mwa dunia, na tangu hapo zimeuzwa tena na kutawanyika. I-153 moja iko katika makumbusho ya ndege za kivita huko Virginia, Marekani.

Wengine huwa wamiliki bila kutarajia. Novemba 2002, Wakuba wanane waliruka na An-2 ya kunyunyizia dawa mashambani wakatua Key West, Florida. Serikali ya Kuba ikataka ndege yake. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshinda kesi ya fidia dhidi ya serikali hiyo, na mahakama ikaamuru ndege ipigwe mnada. Oktoba 2022 rubani mwingine alirudia safari hiyo kwa An-2 nyingine, akatua Florida akiomba hifadhi. Hakuna ndege ya aina nyingine ninayoijua ambayo imekuwa shamba, teksi, bomu na tiketi ya ukimbizi kwa pamoja.

Uingereza, wapenzi wa An-2 kwa miaka mingi wameziacha na namba za usajili za Hungary, ambako sheria zinaitambua ndege hiyo vizuri zaidi. Kuimiliki si mchezo popote. Tangi zake hubeba lita 1,200 za petroli ya ndege, na injini inakunywa karibu lita 200 kwa saa. Afrika, petroli ya aina hiyo ni ghali na viwanja vingi havina kabisa; hicho ndicho kikwazo cha kwanza.

Iliyolala mahali pa ajabu kuliko zote

Ile zawadi ya Uingereza baada ya vita ilifika India pia. Baadhi ya DH.9 ziliishia kwa Maharaja wa Bikaner, Rajasthan, na huko zikasahaulika kwa miongo, zikiwa vipandevipande ndani ya zizi la tembo. Mfufuaji wa ndege Guy Black alizinunua akazipeleka Uingereza. Moja imewekwa Duxford tangu 2007. Ya pili iliruka Mei 2019, na ndiyo DH.9 pekee duniani inayoruka. Nikitembea Mint Road, kati ya familia ambazo babu zao walipanda meli kutoka India, huwa naikumbuka safari hiyo ya mbao na nyaya iliyopita njia ya kinyume.

Kazi kubwa kuliko zote, chini ya bawa

Rekodi ya mwisho haimo kwenye vitabu vya ndege kwa urefu unaostahili. Mwaka 1919 Waingereza walitaka njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape Town. Viwanja havikuwepo. Pale Ndola, Zambia ya leo, watu wapatao 700 walibomoa vichuguu vya mchwa kwa miezi kadhaa, wakaondoa tani 25,000 za udongo, kwa mikono. Kazi za namna hiyo zilifanyika kituo baada ya kituo.

Februari 1920 Pierre van Ryneveld, huyo huyo wa Fordsburg, na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwa eropleni ya Vickers Vimy. Walivunja ndege moja karibu na Wadi Halfa, wakapewa nyingine, wakapita Shirati, wakaivunja ya pili Bulawayo, wakamalizia kwa DH.9 iliyoitwa Voortrekker. Tarehe 20 Machi walifika Cape Town, wa kwanza katika historia. Kila mmoja alipewa pauni 5,000 na cheo cha Sir. Vimy nyingine, iliyokodiwa na gazeti la The Times, iliishia Tabora tarehe 27 Februari. Majina ya marubani tunayo yote. Ya wale 700 wa Ndola hatuna hata moja.

Mwaka 2016 kundi la eropleni za miaka ya 1920 na 1930 lilifuata njia hiyo tena, kutoka kisiwa cha Krete hadi Afrika Kusini, likapita Kilimanjaro na Zanzibar hadi Bulawayo. Walizuiliwa Gambela, Ethiopia, kwa siku mbili, kisha wakaendelea. Vichuguu havikuwa tatizo tena.

DH.9 ya Afrika Kusini iliyosalia imo ndani ya makumbusho aliyoyafungua Smuts, Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama, kilomita chache kaskazini mwa Fordsburg. Msomaji uliyeko Johannesburg, nenda ukaione ukiwa na watoto. Waoneshe kitambaa kilivyokazwa, nguzo na nyaya. Kisha warudishe kwenye uwanja wa Fordsburg, mle chakula, uwaambie asubuhi ile vikaratasi viliangukia wapi.